BWANA MSA NA ALIYEMTUNGA: MAISHA YA MUHAMMED SAID ABDULLA

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwalimu wetu wa Kiswahili anisamehe, lakini methali hii nina kesi nayo. Aliyenifanya niishuku ni mtu aliyefariki kabla mimi sijazaliwa, yaani Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa. Kisa chenyewe nitakieleza, lakini kwanza tumjue mtu huyu.

Mimi nilimjua kupitia kwa babu yangu. Babu ni msomaji tangu ujana wake, na sanduku lake la mbao lina vitabu vya upelelezi vingi kuliko nguo. Wapelelezi wa Kizungu anawajua kwa majina, lakini ukimwuliza bingwa wao ni nani, hamtaji mwingine ila Bwana Msa. Kitabu alichonipa kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale. Hakikuwa na jalada, na mchwa walikuwa wamekwisha kula pembe za kurasa. Hata hivyo nilikisoma kwa taa mpaka mama akanizimia.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Sisi watu wa Kwale tukifika huko hatutaona ugeni mwingi. Minazi ni ile ile, ngalawa ni zile zile, na mizimu ya wazee huheshimiwa kama sisi tunavyoiheshimu Kaya Kinondo pale Diani. Alimaliza masomo mwaka 1938, kisha akaajiriwa katika idara ya afya akiwa mkaguzi. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 10.

Hapo msomaji nakuomba tutue kidogo. Mkaguzi wa afya kazi yake ni nini? Watu wakiugua, yeye haulizi nani kawaroga. Huuliza maji wanateka wapi, choo kiko wapi, taka wanatupa wapi. Huenda akatazama kwa macho yake. Mimi naona Bwana Msa alianza kuzaliwa huko, kabla hata kalamu haijashikwa.

Mwaka 1948 Abdulla aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Siasa za Unguja wakati ule zilikuwa moto. Al Falaq lilikuwa gazeti la jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilikuwa likiwatetea Waafrika. Basi mtu aliyefanya kazi pande zote mbili, bila shaka alijua kwamba kila habari ina masikio mawili. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, na hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Umaarufu wake hasa ulitokana na hadithi. Katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, Mzimu wa Watu wa Kale ilitwaa zawadi ya kwanza. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Humo mtu anauawa, na maiti yake inakutwa mzimuni. Watu wanatetemeka. Bwana Msa yeye anawasha kiko chake, anauliza maswali, anapima maneno. Mwishowe inajulikana kuwa mkono uliotenda ni wa binadamu. Angalia lakini, Abdulla hawadharau wazee wala mila zao. Anayefichuliwa ni mtu aliyejificha nyuma ya hofu ya wengine.

Wapo wanaosema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Ni kweli wanafanana. Holmes, aliyetungwa na daktari Arthur Conan Doyle wa Uingereza na kutokea mara ya kwanza mwaka 1887, naye ana kiko, na rafiki yake ni Watson kama vile rafiki wa Msa ni Najum. Lakini fitina, mapenzi na siri za koo zilizomo humo ni za kwetu pwani. Tena hebu chukua herufi za kwanza za Muhammed, Said na Abdulla, uziunganishe. Umeona? Mpelelezi alikuwa ndani ya jina la mwandishi!

Baadaye zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991.

Sasa kisa changu. Wakati mmoja wa masika, watoto kadhaa kijijini kwetu waliharisha vibaya, na mdogo wangu akalazwa. Maneno yakaanza kisimani. Ati ni bibi fulani jirani yetu, mjane, mwenye macho mekundu. Macho yale ni ya moshi wa kuni, kila mtu anajua, lakini nani aliyesema? Mimi nilikuwa nikimpelekea ukindu wa kusukia mikeka. Nikaacha. Nikawa napita njia ya mbali. Na hapa pwani yetu, Kwale na Kilifi, wazee wamewahi kuuawa kwa maneno kama hayo hayo.

Kisha akaja afisa wa afya. Hakuuliza habari za mtu. Aliangalia kisima, akaangalia choo kilichokuwa juu yake kidogo, akatikisa kichwa. Kisima kikafungwa, watoto wakapona. Kumbe lisemwalo halikuwepo! Lakini sikusikia hata mtu mmoja akienda kumwomba radhi yule bibi.

Ilikuwa baada ya hapo babu aliponipa kile kitabu, wala hakunieleza kwa nini. Nilipokimaliza nilikata ukindu, nikampelekea. Aliupokea akanikaribisha chai. Hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote zile, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wanafunzi wenzangu, vitabu vya Bwana Msa vitafuteni mvisome. Na siku mtakaposikia jina la mtu likinong'onwa, kwanza nendeni mkaangalie kisima.

Kwa leo naiweka kalamu chini. Wassalaam.