Imam Nawawi Alipokuwa Mwanafunzi Mgeni

  

Ndugu zetu wanafunzi, kila mwaka baadhi yenu hutuaga. Wapo wanaokwenda vyuo vya dini, wapo wanaokwenda chuo kikuu, na wengine vyuo vya ualimu na vya ufundi. Haipiti miezi mingi, wazazi hutujia na malalamiko yale yale: kijana aliyekuwa akishika nafasi ya kwanza hapa, huko anazama. Masomo ni mengi, walimu wanakwenda mbio, na yeye hajui aanzie wapi. Kwa hiyo mwaka huu tumeona tusimulie maisha ya mtu ambaye jina lake nyote mnalijua, lakini tutakaa zaidi mahali ambapo watu hupapita haraka, yaani miaka yake ya mwanzo alipokuwa mwanafunzi mgeni katika mji wa watu.

Naye ni Imam Muhyiddin Abu Zakariya Yahya bin Sharaf an-Nawawi, Allah amrehemu. Ndiye aliyekusanya zile Arbaini ambazo watoto wetu huzihifadhi (na ukizihesabu vizuri utakuta ni hadithi 42), na Riyadhus Salihin inayosomwa misikitini baada ya sala, na Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho mashekhe na makadhi wa Kishafi wa pwani yetu wamekitegemea vizazi kwa vizazi.

Alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 631 Hijria (1233), katika kijiji cha Nawa, nchi ya Hauran, kusini mwa Damascus. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye duka, mcha Mungu, si mwanachuoni. Imesimuliwa kwamba Yahya alipokuwa na umri wa miaka kumi, watoto wenzake walimlazimisha kucheza nao, naye akawakimbia huku analia na kusoma Qur'ani. Shekhe mmoja aliyekuwa akipita alimwona, akamwendea mwalimu wake na kumuusia juu yake. Baba alimweka dukani, lakini kuuza na kununua hakukumshughulisha na Qur'ani yake, akaikhitimu alipokuwa amekaribia kubaleghe.

Mwaka 649 (1251) baba yake alimpeleka Damascus. Alikuwa na miaka 18 hivi. Umri huo kwa wakati ule haukuwa mdogo kwa mtu anayeanza fiqhi, maana watoto wa mjini waliozaliwa katika nyumba za elimu walikuwa wameshahifadhi vitabu kadhaa. Huyu alikuwa kijana wa shamba. Alifika kwanza kwa khatibu wa Msikiti wa Bani Umayya, akapelekwa katika darasa la Sheikh Tajuddin al-Fazari. Akasoma hapo, lakini hakuwa na pa kulala, na shekhe huyo hakuwa na nafasi ya kumweka. Akaelekezwa kwa Sheikh Kamaluddin Ishaq al-Maghribi katika madrasa ya Rawahiyya, karibu na msikiti ule, na huko akapewa chumba kidogo. Chakula chake kilikuwa posho ya madrasa, mkate, basi.

Sasa tutazame alivyosoma. Kitabu cha kwanza alichokihifadhi ni at-Tanbih cha Abu Ishaq ash-Shirazi, mukhtasari wa fiqhi ya Shafi. Alikimaliza kwa miezi minne na nusu. Katika sehemu iliyobaki ya mwaka ule akahifadhi robo ya al-Muhadhdhab, kitabu kikubwa zaidi cha mtunzi huyo huyo. Wengi wakisikia hivi husema huyo alipewa kichwa, sisi hatukupewa, wakafunga mjadala. Hatukatai kwamba Allah (S.W.) alimpa kipaji. Lakini kuna kisa kimoja katika habari zake ambacho hakisimuliwi sana, nacho kinaonyesha kuwa hata yeye kichwa peke yake hakikumtosha.

Katika Tanbih kuna mlango wa mambo yanayomwajibisha mtu kuoga. Yahya alilihifadhi tamko mojawapo la mlango huo sawasawa, herufi kwa herufi, lakini maana yake hakuipata. Alikuwa kijana mwenye haya, hajui mambo ya watu wazima. Akadhani linalokusudiwa ni mngurumo wa tumbo! Basi ikawa kila tumbo lake likinguruma anakwenda kuoga maji ya baridi, katika baridi ya Damascus, na akaendelea hivyo kwa muda mpaka alipokuja kufahamu. Kisa hiki chatoka kwake mwenyewe, kwani yeye ndiye aliyemhadithia mwanafunzi wake Ibnul Attar, aliyeandika maisha yake.

Wenye kuhifadhi bila kuuliza wapo hata leo, na si katika fiqhi tu. Mwanafunzi wa chuo anaweza kunakili kila neno la mhadhiri, akalitoa siku ya mtihani kama alivyolipokea, na maana ikawa ni mngurumo wa tumbo.

Katika siku hizo za usomi wake alifikia kusoma kwa mashekhe zake masomo kumi na mawili kila siku. Mawili yalikuwa katika al-Wasit cha Ghazali, moja katika Muhadhdhab, moja katika kitabu kinachokusanya Sahihi mbili, moja katika Sahih Muslim, kisha nahau, lugha, sarufi ya vitenzi, usuli wa fiqhi, majina ya wapokezi wa hadithi, na usuli wa dini. Idadi hiyo hutajwa sana mimbarini. Sisi tunaona jambo kubwa zaidi ni lile linalofuata idadi hiyo, nalo ni kuwa hakuliacha somo lolote katika hayo lipite hivi hivi. Kila moja aliliandikia maelezo: pagumu apafafanue, ibara iliyofumbana aifumbue, neno lenye utata alitie irabu na kulidhibiti. Yaani alikuwa haandiki alichoambiwa tu; aliandika alichokielewa, na alipokuwa hajaelewa ndipo palipojitokeza.

Na njiani je? Imepokewa kwamba hata akitembea alikuwa akirejea aliyoyahifadhi au akisoma. Wenzetu wanaopanda daladala saa nzima asubuhi na saa nzima jioni wanayo nafasi hiyo, ikiwa simu itawaachia.

Mwalimu wake Kamaluddin alipoona bidii yake, na kwamba hajichanganyi ovyo na watu, alimfanya muidi katika darasa lake. Muidi ni yule anayewarudishia wenzake somo baada ya shekhe kuondoka. Kazi hii ilikuwa na cheo chake katika madrasa za zamani, na kwa kweli inasikitisha kuwa imepotea katika vyuo vyetu vingi. Anayejua kwamba jioni atasimama mbele ya wenzake hawezi kusikiliza kwa sikio moja.

Kuhusu usingizi inatubidi tuwe waangalifu. Imetajwa kuwa kwa muda wa miaka miwili hivi hakuulaza ubavu wake chini, bali usingizi ukimzidi alijiegemeza juu ya vitabu, kisha akazinduka. Alikula mara moja tu kwa siku, baada ya Isha, na kunywa wakati wa daku. Hizo ni hali za mawalii, na hatumshauri mwanafunzi yeyote aziige, hasa anayekaa mbali na wazazi wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwili una haki yake. Tumewaona vijana waliokesha wiki nzima ya mitihani kisha wakasinzia juu ya karatasi ya maswali.

Lipo pia jambo aliloliacha. Ilimjia fikra asome udaktari, akanunua al-Qanun cha Ibn Sina na kuazimia kukisoma. Moyo wake ukaingia kiza, akakaa siku kadhaa hawezi kushughulika na lolote. Akajitafakari, akatambua chanzo chake, akakiuza kitabu na kutoa chumbani kila kilichohusu udaktari, na moyo wake ukarudia nuru yake. Msije mkafahamu kwamba udaktari ni elimu mbaya, kwani Waislamu wanahitaji sana madaktari, tena wa kike na wa kiume. Huyu alikuwa tayari na masomo kumi na mawili! Wapo vijana wanaojiandikisha kozi ya kompyuta, ya uhasibu na ya lugha kwa mpigo, juu ya masomo yao ya chuo, na kwa haya hawaachi hata moja mpaka zote ziwaache wao.

Mwaka 651 alihiji pamoja na baba yake. Homa ilimshika tangu walipotoka Nawa mpaka siku ya Arafa, na imesimuliwa kuwa hakulalamika. Kisha akarudi kwenye chumba chake. Mwaka 658 (1260) Wamongoli, waliokuwa wameshaiteketeza Baghdad miaka miwili kabla, waliingia Damascus. Zama zake, basi, hazikuwa za utulivu.

Alipoanza kutunga, vitabu vyake vilikuwa juu ya mambo yale yale ya mwaka wake wa kwanza. Sahih Muslim aliyokuwa akiisoma somo moja kwa siku, akaiandikia sharhi mashuhuri. Majina ya wapokezi na maneno ya lugha, akayatungia Tahdhib al-Asma wal-Lughat. Muhadhdhab, ambao alihifadhi robo yake, akaanza kuusherehesha katika al-Majmu. Na ile Tanbih, iliyomwogesha maji ya baridi bure, akaiandikia kitabu kizima cha kufafanua maneno yake, kiitwacho Tahrir Alfadh at-Tanbih.

Mwaka 665 alipewa uongozi wa Darul Hadith al-Ashrafiyya, na mshahara wake hakuutumia kwa nafsi yake. Alimwandikia Sultani Baybars kuwatetea raia wa Sham waliolemewa na kodi, na Sultani alikasirika. Hakuoa.

Mwaka 676 alirudisha vitabu vyote vya wakfu alivyokuwa ameazima, akazuru makaburi ya mashekhe zake, akaagana na watu wake, akaenda Baitul Maqdis, kisha Nawa. Huko, nyumbani kwa baba yake, aliugua, akafariki usiku wa tarehe 24 Rajab (Desemba 1277), akiwa na miaka 45. Majmu ilikuwa imefika katika mlango wa riba. Sheikh Taqiyyuddin as-Subki aliiendeleza, naye akafa hajaimaliza, na haikukamilishwa mpaka karne ya 20.