Koitalel arap Samoei: Aliyeitwa kwa Amani Akauawa

Ukitoka hapa Nakuru kuelekea magharibi mpaka mji wa Nandi Hills, utakuta makumbusho yenye jina la Koitalel arap Samoei. Shuleni tulifunzwa kuwa yeye ndiye aliyepigana na reli. Lakini je, unajua alivyokufa? Hebu tulia nikusimulie, manake kisa hiki kinamhusu kila mtu anayetoa ahadi.

Koitalel alizaliwa kama mwaka 1860. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi ambaye Wanandi walimtaka shauri katika vita na mambo ya dini yao. Mwaka 1890 Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Wanawe wakagombania uongozi. Kipchomber arap Koilege akaenda kwa Wakipsigis, Koitalel akabaki na Wanandi.

Kuanzia 1895 Waingereza walipeleka majeshi Nandi tena na tena. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901, ikipita pembeni mwa nchi ya Wanandi. Vijana wakakata nyaya za simu wakafanya mapambo, wakang'oa vyuma vya reli wakafua silaha. Miaka kumi Wanandi hawakukubali kutawaliwa, ingawa wenzao walikuwa na bunduki za Maxim na wao walikuwa na mikuki na mishale.

Basi mwaka 1905 afisa mmoja wa kikosi cha KAR, Richard Meinertzhagen, akaona njia ya mkato. Akamwita Koitalel wakutane wazungumze amani, kila upande uje na watu wachache. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel akaja. Wazee wa Kinandi husimulia kuwa alishika nyasi mkononi, ambazo kwao ni alama ya amani. Askari wa Meinertzhagen walikuwa wamejificha karibu. Koitalel akapigwa risasi pale pale, na wengi waliofuatana naye wakauawa. Meinertzhagen alijitetea kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego. Tume tatu zikamchunguza zikamwondolea lawama, lakini mwaka 1906 akaondolewa katika nchi hii.

Sasa wewe uliyesoma madrasa unajua hukumu ya aman. Adui akishapewa aman, damu yake ni haramu hata kama vita havijaisha. Mjumbe hauawi. Na ukihofia khiyana kwa mliyeahidiana naye, Suratul Anfal inafunza umrudishie ahadi yake waziwazi, si kumvizia.

Na usidhani Wazungu hawakulijua hilo. Mwaka 1899, huko The Hague nchini Uholanzi, mataifa yaliandika kanuni za vita vya nchi kavu: ni marufuku kumwua adui kwa hila, na anayekuja na bendera nyeupe kuzungumza asiguswe. Uingereza ilikuwemo. Mbona basi Koitalel hakulindwa? Kwa sababu mkataba ule uliwabana waliotia sahihi wakipigana wao kwa wao tu. Wanandi hawakualikwa. Mkutano ule ule ulipiga marufuku risasi zinazotanuka mwilini, na Uingereza ikakataa mpaka 1907. Mjumbe wake alidai zinahitajika kwa watu aliowaita washenzi. Umeona? Sheria ilikuwepo, ila haikumhesabu kila mtu kuwa mtu.

Baada ya kifo chake, jeshi lilichoma nyumba, likachukua maelfu ya ng'ombe, na Wanandi wakahamishwa ardhi nzuri ikapewa walowezi. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na hakuwa huru mpaka 1964. Fimbo za Koitalel zilirudishwa Kenya mwaka 2006. Wanandi wanaamini kuwa hata kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na wamekuwa wakikidai.

Dunia ilichelewa kujirekebisha. Mikataba ya Geneva ya 1949 iliweka kiwango cha chini cha ubinadamu hata katika vita vya ndani ya nchi, na itifaki ya 1977 ikataja wazi kuwa kujifanya unataka mazungumzo ili uue ni haramu. Kenya ilijiunga na mikataba hiyo mwaka 1966, na itifaki mwaka 1999.

Ndugu msomaji, Koitalel hakuwa Muislamu, lakini aman haiulizi dini ya anayepewa. Mwezi huu tunafunga mdomo na tumbo. Tujiulize pia: yule asiye wa kabila letu, asiye wa dini yetu, asiye na wa kumtetea, akiamini neno letu atakuwa salama? Ramadhan Karim.