Maisha ya Daktari Robert Koch

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, kisha akawa daktari wa wilaya. Mkewe alimpa hadubini kuwa zawadi, naye akatenga sehemu ya nyumba yao iwe maabara yake. Humo, mwaka 1876, alithibitisha kwamba ugonjwa wa kimeta huletwa na vijidudu vya aina moja maalumu.

Siku zile kifua kikuu kiliua watu wengi mno Ulaya, na wengi walidhani ni ugonjwa wa kurithi. Koch alivitafuta vijidudu vyake kwa subira kubwa. Alivitia rangi ili vionekane, akaviotesha katika maji ya damu ya wanyama yaliyogandishwa, akangoja majuma mawili na zaidi hadi vikaonekana. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, aliwaeleza wataalamu wenzake kwamba amevipata. Tangu hapo jina lake lilijulikana dunia nzima.

Lakini mtu mkubwa naye hukosea. Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu, iitwayo tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa matumaini, lakini dawa haikuponya, na baadhi yao walizidiwa wakafa. Baadaye ilifaa kwa kazi nyingine, yaani kupima nani ameambukizwa.

Koch alisafiri sana. Kati ya mwaka 1897 na 1898 alikuwa hapa Afrika ya Mashariki, na mjini Dar es Salaam alichunguza malaria.

Kosa lake la pili ndilo lenye fundisho kubwa kwetu. Mwaka 1898 Mmarekani Theobald Smith alionyesha kwamba vijidudu vya kifua kikuu vya ng'ombe si sawa na vya binadamu. Mwaka 1901, katika mkutano mjini London, Koch alikubali kwamba aina hizo ni mbili, na hapo alisema kweli. Lakini aliongeza kwamba aina ya ng'ombe ni nadra kumdhuru mtu, kwa hiyo hapana haja ya kuhangaika na maziwa. Serikali ya Uingereza iliunda tume kuchunguza neno hilo. Taarifa yake ya mwisho, ya mwaka 1911, ilionyesha kwamba watoto waliokunywa maziwa mabichi waliugua kwa vijidudu vya ng'ombe. Koch hakuiona. Alikuwa amefariki tarehe 27 Mei 1910, baada ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Je, kujua aina ya kijidudu kuna faida gani? Wagonjwa wawili waweza kulala kitanda kwa kitanda, wote wakikohoa na kukonda, na daktari asione tofauti yao kwa macho. Lakini aina ya ng'ombe haifi kwa dawa iitwayo pirazinamidi, ambayo ni mojawapo ya dawa za kawaida za ugonjwa huu. Hata katika vijidudu vya binadamu ziko aina zilizo sugu kwa rifampisini, dawa yenye nguvu sana. Mwenye aina hiyo akipewa dawa za kawaida tu, aweza kuzimeza kila siku asipone, huku akiwaambukiza ndugu zake. Ndiyo sababu makohozi hupimwa, ili kila mgonjwa apewe dawa inayomfaa.

Wenzangu, wengi wetu twatoka katika nyumba za wafugaji, na wakati wa likizo twapewa maziwa yakiwa bado ya moto kutoka kiweleni. Moto huo si wa kuua vijidudu. Tuwaombe wazazi wetu yachemshwe kwanza. Na mwenye kikohozi cha majuma mawili asikifiche bwenini, bali aende akapimwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.