Alikosa Mathe, Akafungwa kwa Deni, Serikali Ikapiga Kazi Yake Marufuku: Stori ya Msee Aliyeanzisha Chekechea

Kila Desemba, pale Machakos Country Bus jijini Nairobi, wasee hupanda mabasi ya Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi na mizigo ya Krisi. Unga, sukari, mafuta, na juu ya yote kuna mfuko wenye gari la plastiki linalolia na kumulika taa. Hilo gari huwa na maisha mafupi. Likifika ocha Jumatano, kufikia Ijumaa betri imeisha, gurudumu moja halionekani, na mtoi ameshatoka nje kusukuma tairi kuukuu kwa kijiti. Wewe uliyetoa doo unabaki umenuna.

Kuna Mjerumani mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 170 iliyopita ambaye hangeshangaa hata kidogo. Alitumia miaka yake ya mwisho kuwaambia watu kwamba kitu cha kuchezea kikifanya kila kitu chenyewe, mtoto hana kazi ya kufanya. Jina lake ni Friedrich Fröbel. Kama ulipitia nasari, iwe ya kanisa, ya kaunti au ile ya mabati pale mtaani, jua wazo hilo lilianzia kwake.

MTOI ASIYE NA MATHE

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 huko Oberweissbach, kijiji cha milima na misitu katika eneo la Thuringia, Ujerumani. Buda yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mtu wa shughuli nyingi. Mathe aliaga kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja. Buda akaoa tena, na mama wa kambo alipopata mtoto wake mwenyewe, Friedrich akawekwa kando.

Alikua mpweke. Wenzake walikuwa mimea, wadudu na mawe ya pale nyumbani. Alipofika miaka 10, mjomba wake, ndugu ya marehemu mama, alimchukua akaishi naye mji wa Stadtilm. Huko akapata mtu wa kumjali, shule na wenzake wa kucheza. Ukitaka kujua kwa nini mtu mzima aliamua kupigania michezo ya watoto, anzia hapo. Alijua vizuri nyumba isiyo na wa kucheza naye ikoje.

HASLA ZA UJANANI

Usidhani jamaa alikuwa na ramani ya maisha. Akiwa na miaka 15 aliwekwa kwa bwana misitu ajifunze kazi. Mwaka 1799 akaingia Chuo Kikuu cha Jena. Doo zikaisha. Deni likamshinda, akafungwa wiki 9 kwenye jela ya chuo, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Akafanya kazi hapa na pale, za kupima ardhi na za uandishi, kama kijana yeyote anayesukuma siku.

Mwaka 1805 alifika Frankfurt akitaka kusomea usanifu wa majengo. Mkuu wa shule moja akamwomba ajaribu kufundisha. Alipoingia darasani tu, akajua hii ndiyo kazi yake. Baadaye, kuanzia 1808 hadi 1810, alikaa Yverdon, Uswisi, kwa Pestalozzi, mwalimu aliyesifika Ulaya nzima kwa kuwafunza watoto kupitia vitu wanavyoshika na kuona, si kwa kukariri tu.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1813 Fröbel alijiunga na kikosi cha kujitolea kupigana na jeshi la Napoleon. Huko ndiko alikopata marafiki wawili, Langethal na Middendorff, walioshikamana naye miaka mingi. Vita vilipopoa, akapata kazi kwenye makumbusho ya madini mjini Berlin. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga na kuchunguza fuwele, yale mawe yenye pande zilizonyooka kama yamekatwa na fundi. Kwa wengine hiyo ni kazi ya kuchosha. Yeye aliona kwamba vitu vigumu kabisa duniani hujengwa kutokana na maumbo machache rahisi. Wazo hilo halikumtoka tena kichwani.

Mwaka 1816 aliacha kazi hiyo yenye mshahara wa uhakika, akaenda kufungua shule ndogo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto wa ndugu zake, watano tu. Mwaka uliofuata akaihamishia Keilhau, na 1818 akamwoa Wilhelmine Hoffmeister. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1826 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu malezi ya binadamu, lakini shule ikaanza kuandamwa na tuhuma za siasa, wanafunzi wakapungua, pesa zikawa shida. Stori ileile.

MPIRA WA UZI NA VIPANDE VYA MBAO

Sasa sikia hii. Kile kitu kilichompa jina alikianza 1837, akiwa na miaka kama 55, umri ambao wengi wanawaza kustaafu. Alikwenda mji mdogo wa Blankenburg akaanza kutengeneza vifaa vya kuchezea watoto wadogo. Aliviita zawadi.

Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya uzi wa sufu, kila mmoja na rangi yake, na kamba ya kuning'inizia. Hiyo ni ya mtoto mchanga: mpira unakuja, unaenda, unajificha, unarudi. Ya pili ilikuwa maumbo matatu ya mbao: mpira, silinda na mchemraba, yaani umbo la dadu. Mmoja unabiringika kila upande, mwingine hausogei ovyo, na silinda inafanya yote mawili. Ya tatu ilikuwa mchemraba uliokatwa vipande 8 vinavyolingana. Mtoto anaubomoa, anajenga kiti, anabomoa, anajenga daraja, kisha anarudisha kila kipande mahali pake. Baada ya hapo kulikuwa na vijiti, kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kufinyanga udongo, hata kuunganisha vijiti kwa njegere zilizolowekwa maji ili kujenga nyumba.

Hakuna hata kimoja kilicholia. Hakuna kilichohitaji ufunguo wala kamba ya kuvuta. Ukimpa mtoto kipande cha mbao, leo ni gari, kesho ni ng'ombe, kesho kutwa ni simu ya kumpigia shosho. Kifaa kinanyamaza, mtoto ndiye anaongea.

Mwaka 1840 akapata jina la mahali pa namna hiyo: Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Na alimaanisha bustani ya kweli. Kila mtoto alikuwa na kishamba chake kidogo cha kupanda na kumwagilia, pembeni ya shamba la wote. Kulikuwa na nyimbo, na michezo ya kuzunguka kwenye duara. Tena alifanya kitu kilichowashangaza wengi wakati huo: aliwafunza wanawake vijana kazi ya kulea na kucheza na watoto, akaifanya kuwa taaluma.

MARUFUKU!

Ili ujue ni enzi gani: tarehe 3 Desemba 1849, Mjerumani mwingine, mmishonari Krapf, alikuwa Kitui kama mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Kutoka huko ndiko alikouona mlima wenye theluji ambao nchi yetu inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1851 Krapf alirudi, na safari hiyo Kivoi akauawa njiani wakielekea Mto Tana.

Mwaka huohuo wa 1851, upande wa Ujerumani, Fröbel naye alipigwa pigo lake. Mwezi Agosti serikali ya Prussia ilipiga chekechea marufuku. Sababu? Eti zinaeneza usoshalisti na kuwatoa watoto kwa Mungu. Serikali ilikuwa imemchanganya na Karl Fröbel, mtoto wa ndugu yake, aliyeandika mambo yake ya kisiasa. Mzee akajieleza. Hakusikilizwa. Mtu aliyekuwa mtoto wa mchungaji, aliyeamini kabisa kwamba mchezo unamkaribisha mtoto kwa Mungu, akaitwa hatari kwa taifa kwa sababu ya mipira ya sufu na vipande vya mbao.

Tarehe 21 Juni 1852 aliaga dunia, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa 1860. Lakini wanawake aliowafundisha, na waliofundishwa na hao, walikuwa wameshatawanyika. Mwaka 1856 mmoja wao, Margarethe Schurz, alifungua chekechea mjini Watertown, Marekani. Mwaka 1876 mama mmoja Mmarekani aliziona zawadi za Fröbel kwenye maonyesho ya Philadelphia, akamnunulia mtoto wake. Mtoto huyo alikuwa Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa mmoja wa wasanifu majengo wakubwa duniani, na hadi uzeeni alikumbuka vile vipande vya mbao.

Tuseme ukweli pia: Fröbel hakuwa malaika wa uhuru. Alitaka zawadi zitolewe kwa mpangilio wake, na baadhi ya wafuasi wake wakakaza kamba zaidi mpaka mchezo ukawa gwaride. Mtoto anaambiwa weka hapa, geuza, nyamaza. Hapo utamu unaisha. Chukua wazo lake, usichukue kiboko cha wafuasi.

SASA TURUDI UKAMBANI

Tangu Katiba ya 2010, masomo ya chekechea ni kazi ya kaunti, kwa hivyo PP1 na PP2 za umma kule Kitui na Makueni ziko chini ya serikali za kaunti. Mtaala wenyewe unataka watoto wajifunze kwa kucheza. Lakini wazazi wengi bado hupima nasari kwa homuwaki: mtoi wa miaka minne akija na kurasa tatu za kuandika, shule ni moto, akija na udongo kwenye kucha, wanaona karo imepotea. Fröbel alipigana na fikra hiyo hadi kaburini. Kwake, mchezo ndio kazi ya mtoto, na huo udongo kwenye kucha ndio somo.

Na habari njema ni kwamba kiti chote cha Fröbel kiko ocha tayari, bila kutoa doo. Mpira wa sufu? Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, mpira wa juala umekuwa adimu, lakini nguo kuukuu zikikazwa kwa kamba ya mkonge zinatoa mpira safi. Vipande vya mbao? Mwombe fundi seremala mabaki, ukwangue ncha kwa msasa. Kusuka? Shosho anayesuka kiondo ni mwalimu tosha. Mtoto apewe vipande vya gazeti asuke mkeka wake pembeni. Njegere na vijiti? Makueni mbaazi si jambo la kutafuta. Loweka usiku, asubuhi mjenge nyumba. Kishamba? Mvua za mwisho wa mwaka ndizo zinazotegemewa zaidi huko, kwa hivyo mpe mtoi futi chache za ardhi na ngumi moja ya ndengu. Akiona zimechipuka, hutamtoa hapo.

Siku yenyewe ipange hivi. Asubuhi kukiwa na baridi, shamba na udongo: wafinyange ng'ombe, zizi na mchungaji. Jua likiwaka, watulie chini ya mwembe na mbao, karatasi na kalongolongo. Jioni waachilie miguu: tapo, kati, brikicho, blada na bano. Usiku, vitendawili. Kukimbia kukifuatwa na kutulia, mtoto hachoki vibaya wala hagombani ovyo.

Mambo matatu ya kuchunga. Mbegu ndogo zisifike kwa aliye chini ya miaka mitatu, maana huingia puani na kooni. Gari la waya likunjwe ncha zote kabla ya kukabidhiwa. Na mito ya mchanga kama Tiva na Thwake ni mitamu kuchezea, lakini msimu wa mvua maji huja ghafla hata kama juu yako mbingu ni safi. Leta mchanga nyumbani kwa ndoo.

Kilichobaki ni kile ambacho Fröbel mwenyewe alikosa akiwa mdogo, nacho hakiuzwi Gikomba wala supamaketi: mtu mzima wa kukaa chini na mtoto. Si siku nzima. Nusu saa, simu ikiwa mfukoni, unarusha mpira wa matambara na unaurudishiwa.

Kaburi lake liko Schweina, Ujerumani. Juu yake hawakuweka sanamu ya mzee mwenye ndevu. Waliweka maumbo matatu ya mawe, moja juu ya jingine: mchemraba, silinda na mpira.