Cecil Rhodes na Hati ya Lobengula

Cecil John Rhodes, mwana wa kasisi wa Kiingereza, alizaliwa mwaka 1853. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alipelekwa Natal, kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, akalime pamba pamoja na kaka yake. Kilimo hakikumweka sana. Mwaka 1871 alikwenda Kimberley palipochimbwa almasi, akawa akinunua vitalu na kukodisha pampu za kuondolea maji migodini. Na mwaka 1888 migodi ikaunganishwa chini ya kampuni yake ya De Beers.

Utajiri huo tunaupita upesi, kwani lililo zito zaidi ni habari ya nchi iliyo ng'ambo ya mto Limpopo, ambako Rhodes alitumaini kupata dhahabu nyingi. Mwezi wa Oktoba 1888 wajumbe wake, wakiongozwa na Charles Rudd, walimfanya Lobengula, mfalme wa Wandebele, atie alama yake katika hati iliyowapa haki ya kuchimba madini yote ya nchi yake. Naye aliahidiwa pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000, risasi 100,000 na mashua ya mvuke katika mto Zambezi. Mfalme hakujua kusoma Kiingereza. Aliyemfasiria ni mmishenari Charles Helm. Hapa tunamwomba mwalimu mtarajiwa atulie kidogo. Kwa mdomo, mfalme aliambiwa kwamba wachimbaji Wazungu hawangezidi kumi, nao wangetii sheria za nchi. Katika maandishi ahadi hiyo haikuwamo.

Lobengula aliposhtuka alituma wajumbe hadi kwa Malkia Victoria, kisha akaikana hati. Hata hivyo, mwaka 1889 kampuni ya Rhodes ilipewa idhini ya kifalme. Hati ilitaja madini, haikutaja mashamba. Lakini walowezi walioingia mwaka 1890 walikuwa wameahidiwa ekari 3,000 kila mmoja, na Washona waliokuwa wakiilima ardhi hiyo hawakuulizwa. Dhahabu ilipoonekana kuwa haba, kampuni ilizidi kuitazama ardhi. Mwaka 1893 ilimpiga vita Lobengula, naye akakimbilia kaskazini, asirudi tena.

Rhodes, aliyekuwa waziri mkuu wa Koloni la Rasi tangu 1890, aliacha cheo hicho Januari 1896, baada ya rafiki yake Jameson kuivamia Transvaal na kushindwa. Mwaka huohuo Wandebele na Washona waliinuka kupigana. Vitabu vingi husema waliasi. Sisi hatulitumii neno hilo, kwa kuwa huasi yule aliyekwisha kukubali kutawaliwa.

Rhodes alifariki tarehe 26 Machi 1902, akiwa na umri wa miaka 48. Alizikwa katika vilima vya Matopo, ambamo Mzilikazi, baba yake Lobengula, alikuwa amezikwa kabla yake.