Louis Leakey: Maisha ya Mchimbaji wa Pango la Gamble

Utangulizi

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Mtoto anayelelewa kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, iwe ni Meru au Embu, husikia mapema masimulizi ya Wagumba, watu wafupi wanaosemekana kuishi katika mashimo ya ardhini kabla ya mababu zetu kufika, kisha wakatoweka. Wameru husimulia kuwa walitoka Mbwaa, ng'ambo ya maji. Waembu nao humtaja Mwenendega na msitu wake mtakatifu ulio karibu na Runyenjes. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza iwapo ardhi yenyewe imehifadhi ushahidi wowote wa maisha ya kale.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyejiuliza swali hilo tangu utotoni, akalitafutia jibu pangoni. Mtu huyo ni Louis Seymour Bazett Leakey. Pango lenyewe haliko Meru wala Embu, bali liko katika Bonde la Ufa. Lakini maisha yake yanatuhusu kwa sababu mbili: aliufunza ulimwengu namna ya kusoma historia ya nchi hii udongoni, na baadaye alishirikiana na serikali iliyowafunga babu zetu. Mambo haya mawili hayana budi kusimuliwa pamoja.

Kuzaliwa na malezi

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wamisionari wa Kanisa la Kianglikana, na babake alishiriki katika kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu. Kijana huyu alikua akicheza na watoto wa Kikuyu na kukisema Kikuyu kama lugha yake. Alijengea nyumba yake mwenyewe kandokando ya ile ya wazazi, akahesabiwa miongoni mwa rika la vijana wenzake, na akapewa jina la Wakaruigi.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, alipewa zawadi ya kitabu kilichohusu watu wa Zama za Mawe kule Uingereza. Kitabu kilitaja zana za gumegume, jiwe ambalo kijana huyu hakuwa amewahi kuliona. Akaanza kuokota vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, akidhani ndilo. Wazee wa Kikuyu walivijua vipande hivyo, wakaviita nyembe za mizimu, wakiamini kuwa huanguka pamoja na mvua. Leakey alivipeleka kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa makavazi ya Nairobi, ambaye alithibitisha kuwa baadhi yake vilikuwa zana za kale zilizochongwa kwa obsidiani, jiwe litokanalo na volkeno. Kosa la kijana huyu lilimfikisha kwenye ukweli, na tangu siku hiyo njia yake maishani ilijulikana.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako Kikuyu kilikubaliwa kuwa mojawapo ya lugha zake za mtihani. Mnamo 1923 aliumia kichwani katika mchezo wa raga, ikambidi aahirishe masomo. Mwaka uliofuata alikwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, katika msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria. Alirejea chuoni na kuhitimu mwaka wa 1926.

Ndani ya Pango la Gamble

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa chimbuko la binadamu lilikuwa Asia. Leakey alipuuza maoni hayo, akaongoza msafara wake wa kwanza wa kiakiolojia nchini Kenya kati ya 1926 na 1927. Katika eneo la Elmenteita, kusini mwa Ziwa Nakuru, walifikia pango moja la jabali lililopewa jina la mlowezi mwenye shamba, Gamble. Msafara wa pili wa 1928 na 1929 ndio uliolichimba kwa kina.

Ni vyema msomaji aelewe kazi hiyo ilivyokuwa. Sakafu ya pango huinuka kidogo kidogo kadiri vizazi vinavyopita: majivu ya moto, mifupa ya wanyama walioliwa, zana zilizovunjika na vumbi la paa. Kwa hiyo kilicho chini, ikiwa udongo haujavurugwa, ndicho cha kale zaidi. Mchimbaji huondoa tabaka moja baada ya jingine, akiandika kila kitu kimetoka tabaka lipi. Anayechimba kwa pupa hupata mawe na mifupa, lakini huipoteza historia, kwa sababu kitu kisichojulikana kilikotoka hakiwezi kueleza lolote.

Katika Pango la Gamble walichimba zaidi ya mita 8 kwenda chini. Matabaka ya juu yalikuwa na vigae vya vyungu na zana za watu ambao utamaduni wao umepewa jina la Elmenteita. Chini zaidi zilijaa bapa nyembamba za obsidiani, zile zile nyembe za mizimu, pamoja na shanga za maganda ya mayai ya mbuni na vipande vya udongo mwekundu wa kupaka. Humo pia yalipatikana mabaki ya watu 5 waliozikwa wakiwa wamekunjwa magoti. Sehemu ya chini kabisa ilikuwa na changarawe za ufuo. Ilibainika kuwa mawimbi ya ziwa yaliwahi kufika mlangoni mwa pango hilo, ingawa Ziwa Nakuru la leo liko zaidi ya mita 150 chini yake. Pango moja likawa limehifadhi habari za watu na za mvua kwa pamoja.

Makosa na masahihisho

Leakey alikuwa mwepesi wa kutoa hukumu. Alikadiria kuwa wakazi wa kale wa pango hilo waliishi yapata miaka 20,000 iliyopita, na zana zao akazipa jina lililotokana na Aurignac, mahali palipo Ufaransa. Vipimo vya rediokaboni vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa umri huo haufiki miaka 10,000. Jina nalo likabadilishwa: siku hizi utamaduni huo huitwa wa Eburru, kwa jina la mlima ulio jirani. Aidha, mwaka wa 1935 mwanajiolojia Boswell alizuru Kanam, magharibi mwa Kenya, na Leakey akashindwa kumwonyesha hasa mahali palipopatikana taya aliyodai kuwa ya kale mno. Sifa yake iliharibika kwa miaka mingi.

Isitoshe, kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Heslon Mukiri, Mkikuyu aliyefahamiana naye tangu ujana, alifanya kazi naye kwa miongo kadhaa, lakini ni nadra jina lake kutajwa. Mkewe wa pili, Mary, waliyeoana 1936, alikuwa mchimbaji makini kumshinda, na ndiye aliyelipata fuvu maarufu la Zinjanthropus huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe alikuwa kambini akiugua.

Siku za Hali ya Hatari

Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatazamwa na serikali kama kundi moja la kushukiwa. Maelfu walitiwa vizuizini, wengine katika kambi za Mwea, zilizokuwa wakati huo katika wilaya ya Embu, na jasho lao likaanzisha mashamba ya mpunga tunayoyaona hadi leo.

Leakey alisimama upande wa serikali. Aliandika vitabu viwili vya kupinga Mau Mau, kimoja 1952 na kingine 1954. Katika kesi ya Kapenguria alikuwa mkalimani, hadi mawakili wa utetezi walipomlalamikia kuwa anaegemea upande mmoja, akajiondoa. Vita hivyo vilimgusa pia nyumbani: Oktoba 1954 binamu yake, Gray Leakey, alitekwa na kufukiwa akiwa hai katika msitu wa Mlima Kenya, naye mke wa Gray akauawa.

Hapa ndipo penye uchungu wa maisha haya. Mtu aliyekuwa na subira ya kuyasikiliza mawe hakuwa na subira hiyo kwa wenye rika lake walipodai ardhi yao. Aliamini kuwa anawajua Wakikuyu kuliko wao wenyewe, na imani hiyo ikamziba masikio.

Tamati

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Utafiti wake mrefu juu ya mila za Wakikuyu, alioufanya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ulichapishwa 1977 katika majuzuu matatu.

Tumtazameje basi? Kwa maoni yangu, tumsome kama alivyolisoma Pango la Gamble: tabaka kwa tabaka, bila kulitupa lile lisilotupendeza. Na kuna deni tulilo nalo sisi wenyewe. Wanaakiolojia wameshughulikia Bonde la Ufa kuliko miteremko ya Meru na Embu. Masimulizi ya Wagumba bado yanangoja watafiti watakaojua lugha zetu na pia kazi ya kuchimba kwa utaratibu. Hadi watakapofika, anayekuta kigae, jiwe lililochongwa au mfupa pangoni asiung'oe. Aache kila kitu mahali pake na kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa, kama inavyotakiwa na sheria ya turathi ya mwaka 2006. Tabaka likishavurugwa, hakuna msomi awezaye kulirudisha.