Tom Mboya na kiti cha Nairobi Mashariki

KATIKA orodha ya maeneobunge 17 ya Kaunti ya Nairobi, jina la Nairobi Mashariki halimo. Kiti hicho kilidumu kwa muda mfupi tu, kisha jina likatoweka. Hata hivyo, ni vigumu kutaja kiti kingine katika historia ya siasa za Kenya kilichojibu swali zito kwa hesabu iliyo wazi kama hicho. Swali lenyewe lilikuwa hili: je, wapiga kura wa mjini wanaweza kumchagua mtu asiye wa kabila lao, ilhali mtu wao yupo na anaomba kura zao?

Aliyewalazimisha kulijibu ni Thomas Joseph Mboya.

Alizaliwa Agosti 15, 1930, mbali na kisiwa cha Rusinga walikotoka wazazi wake. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa kibarua katika shamba la mkonge la mlowezi huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Mahali hapo palikuwa na vibarua wa kila kabila. Mtoto alikulia miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akazinyaka lugha zao kama walivyozinyaka watoto wenzake, kisha akapitia shule za misheni za Kabaa, Yala na Mang'u. Hali hiyo ambayo familia yake huenda iliiona kuwa ni uhamishoni tu ndiyo iliyokuja kumfaa kuliko shahada yoyote. Miaka mingi baadaye aliweza kusimama jukwaani Nairobi na kuzungumza na umati bila kuhitaji mkalimani.

Karo ilimshinda kabla ya kufikia upeo wa masomo. Alijiunga na chuo cha Jeanes, Kabete, akafuzu kuwa mkaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi siku moja mwanamke wa Kizungu alivyoingia ofisini alimokuwa akifanya kazi, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hakuna mtu humo ndani. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo ya mshahara wa mwenzake Mzungu kwa kazi ile ile. Mboya alianza kuwapanga wafanyakazi wa baraza katika chama, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambalo baadaye lilijulikana kama KFL. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, na viongozi walikuwa kizuizini. Mwezi Aprili 1954 majeshi ya serikali yaliizingira Nairobi, yakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa katika kambi. KFL ilikuwa miongoni mwa sauti chache sana za Waafrika zilizosalia kisheria, nayo ililalamika hadharani juu ya msako huo na masaibu ya familia zilizoachwa. Wapo waliomwona Mboya kuwa ni mtu aliyefaidika na nafasi iliyoachwa wazi na waliofungwa. Shutuma hiyo haikosi chembe ya ukweli. Lakini ni kweli pia kwamba kiongozi asiye Mkikuyu angeweza kukaa kimya wakati huo na asilaumiwe na yeyote serikalini, naye hakukaa kimya.

Mwaka 1955, baada ya kusaidia kusuluhisha mgomo mkubwa wa makuli wa bandari ya Mombasa, alipata nafasi ya kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Aliporejea mwishoni mwa 1956, uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa umekaribia. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na kimoja kilikuwa cha Nairobi.

Mpiga kura wa leo angeshangaa kuona jinsi kura hiyo ilivyopangwa. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato, mali, umri au utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu, huku jirani yake akikosa hata moja. Juu ya hayo, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kuwa na cheti cha kuthibitisha uaminifu wake kwa serikali. Nairobi, mji ambao kabla ya msako wa 1954 ulikuwa na Wakikuyu wengi, ilikwenda kuchagua Machi 1957 huku wengi wao wakiwa nje ya daftari.

Ndiyo maana wagombea wawili wakuu wakawa Wajaluo. Mpinzani wa Mboya alikuwa Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, mzaliwa wa Gem, aliyejijengea jina kwa kuwatetea mahakamani washukiwa wa Mau Mau. Kodhek ndiye aliyekuwa na chama halali cha siasa mjini. Mboya alikuwa na matawi ya vyama vya wafanyakazi, nidhamu yake, na ulimi wake. Alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 500 akiwa na miaka 26.

Ushindi mwembamba, katika daftari lililochujwa namna hiyo, haukuwa kitu cha kujivunia sana, na Mboya alielewa hivyo. Yeye na wenzake saba, wakiwemo Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walikataa nyadhifa za uwaziri na kudai viti zaidi. Mjini, alianzisha chama cha People's Convention Party, ambacho mikutano yake ilijaza ukumbi na viwanja vya Kaloleni. Desemba 1958 aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika nzima jijini Accra. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliondoka kuelekea Marekani ikiwa na vijana 81, na safari hizo zikaendelea kwa msaada wa marafiki aliojipatia huko.

Sifa hizo za ng'ambo zilimletea husuda nyumbani. KANU ilipoundwa mwaka 1960, Mboya akawa katibu mkuu, lakini wenzake wengi katika uongozi, Odinga akiwa mbele, walimwona kuwa ni mtu wa Wamarekani anayeharakia kiti ambacho walitaka kimngojee Jomo Kenyatta. Njia ya kumwondoa ilionekana wazi. Hali ya hatari ilikuwa imekwisha Januari 1960, masharti ya kupiga kura yamelegezwa, na sasa mtu aliyejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyetimiza miaka 40, aliweza kujiandikisha. Wakikuyu walikuwa wamerudi katika daftari la Nairobi kwa maelfu. Katika kiti kipya cha Nairobi Mashariki, wao ndio walikuwa kundi kubwa kuliko yote.

Akatafutwa mtu wa kuwavuta. Dkt Munyua Waiyaki alikuwa daktari, mwanasiasa wa KANU jijini, tena wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, ambaye jina lake lilikuwa tayari ni kumbukumbu ya upinzani dhidi ya Waingereza. Kwa hesabu ya ukabila, kinyang'anyiro kilikuwa kimekwisha kabla ya kuanza. Mjaluo aliyechaguliwa wakati Wakikuyu wamefungwa angepambana na kitukuu wa shujaa wao, na wao wenyewe wakiwa huru kuchagua.

Kura zilipohesabiwa, Mboya alikuwa na 31,407. Dkt Waiyaki alipata 2,668.

Hakuna ufundi wa takwimu unaoweza kueleza matokeo hayo bila kukiri kwamba maelfu ya Wakikuyu walimpigia Mboya kura. Walioishi katika vyumba vya Pumwani na Shauri Moyo walimkumbuka mtu wa vyama vya wafanyakazi, aliyepigania mshahara wao na kuulizia jamaa zao waliokuwa kambini. Baadhi yao walikuwa na watoto waliopanda ndege zile. Kilichowashinda wapinzani wake ni kwamba walikwenda kuwatafuta Wakikuyu, wakakuta wafanyakazi.

Uchaguzi wa Mei 1963 ulimkuta katika kiti kipya, Nairobi ya Kati, ambacho sehemu yake leo iko Kamukunji. Alishinda tena, akawa waziri wa haki na katiba, kisha wa mipango ya uchumi. Akiwa hapo alisimamia waraka wa mwaka 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika, na mwaka uliofuata akaupanga mkutano wa Limuru uliomtoa Odinga katika uongozi wa KANU. Katika mapambano hayo Mboya alitumia ujanja ule ule wa vikao na katiba ambao ungeweza kugeuzwa dhidi yake. Odinga alipoondoka, waliokuwa karibu na ikulu hawakumhitaji tena kama zamani, na swali la nani angemrithi Kenyatta liliwafanya wamwogope.

Mwaka 1969 ulianza kwa msiba. Argwings-Kodhek, wakati huo waziri wa mambo ya nje, alifariki Januari katika ajali ya barabarani, na kiti chake cha Gem kikachukuliwa na KPU ya Odinga mwezi Mei. Jumamosi ya Julai 5, Mboya alitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji hayo, lakini aliyemtuma, kama alikuwepo, hakufikishwa kortini.

Wakati wa misa ya wafu katika kanisa la Holy Family, gari la Rais lilipigwa mawe. Miezi michache baadaye KPU ilipigwa marufuku, na uchaguzi wa Desemba 1969 ukafanyika ndani ya KANU pekee. Mitaa ile ile iliyompa Mboya kura 31,407 ilikuwa sasa imegawanyika, Mjaluo huku na Mkikuyu kule.

Mwili wake ulisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, ukazikwa Rusinga, kisiwa ambacho hakuwahi kukiomba kura.